Paka Anayekuja Ukimwambia Toka

...basi ile niliyowaambia kwamba paka wa mume wangu hanitaki, leo nafuta kauli.

Wiki tatu tangu harusi namwita "Malkia, Malkia" kwa sauti tamu kuliko ninayomwitia mume mwenyewe. Hatikisi hata sikio!

Leo tumeshinda ndani hapa Erdington. Nje majani yanaanguka na mvua, ndani nimemlalia mume wangu begani (jamani, ndoa tamu!). Mara paka akapanda juu ya kanga yangu ya harusi.

Nikapiga kelele, "Toka!"

Akaja mbio. Akajikunja mapajani pangu, akaanza kukoroma kwa raha.

Nikajaribu tena, polepole, "Toka?"

Akanilamba mkono.

Mume wangu alicheka mpaka machozi. "Mama alikuwa akimfukuza jikoni kila siku, mke wangu. Toka, toka, toka! Amekua akidhani ndilo jina lake."

Wenzangu, paka wa kwenu wanaitikia nini?

Na wewe mama mkwe, kabla mwezi haujaisha tunakuja kwako Castle Vale, na paka tunamleta. Nina hamu ya kujua safari hii utamfukuza kwa neno gani.