Watu wa Kura Washuke

Sikiliza, wewe unayejiandaa kwa safari ndefu ya basi, nikueleze jinsi mwalimu wa Kiswahili anavyoweza kuangushwa na neno fupi la Kiswahili.

Ilikuwa miaka ya tisini, msimu wa kujiandikisha kupiga kura. Nilikuwa nafundisha Kaaga, pale Meru, na asubuhi hiyo nilikuwa naenda Embu. Kabla ya kutoka nyumbani Kinoru nilikunywa uji, kikombe juu ya kikombe, ili njaa isinisumbue njiani. Tulipopita Chogoria, uji ukaanza kudai njia ya kutoka. Nikajituliza: mbele kidogo basi litasimama watu wapate kula, nami nitapata choo.

Likasimama Chuka, kando ya jengo linalofuka moshi. Kondakta, mtu wa Embu, akagonga bodi ya basi.

"Watu wa kura washuke! Wenye hawakuri wakae ndani!"

Nikapapasa mfuko wa shati. Kadi yangu ya mpiga kura ilikuwemo. Tangu Meru abiria walikuwa wakibishana juu ya kujiandikisha, na sasa dirishani niliona foleni ndefu mbele ya mlango mdogo wa mabati. Nikasema moyoni, maskini, hawa ndio bado. Nikabana mapaja, nikabaki kitini kama raia mwema, nikisubiri tufike mahali pa kula.

Nyanya niliyeketi naye alikuwa amefungua viazi vitamu vyake.

"Mwarimu, hushuki?"

"Hapana, nyanya. Mimi nilishachukua kadi."

Akaacha kutafuna. "Siku hizi kuna kadi?"

"Bila kadi hawakuruhusu," nikamfafanulia taratibu, kama darasani. "Na ukishafanya mara moja, unangoja miaka mitano ndipo ufanye tena."

"Miaka mitano!" Akalitazama tumbo langu, akanimegea kiazi kikubwa. "Shika, mwanangu. Pole sana."

Abiria wakarudi wakichokoa meno, wananukia chapati na mchuzi wa nyama. Basi likaondoka. Mimi nikaona nchi inauzwa mbele ya macho yangu. Nikasimama, kwa shida.

"Ndugu zangu, kweli mmekubali kuhongwa kwa chapati?"

"Kuhongwa na nani?" kondakta akashangaa. "Si nimesema watu wa kura washuke? Kura!" Akaelekeza vidole mdomoni. "Kura chapati! Kura supu!"

Basi zima likaangua kicheko. Nyanya alicheka mpaka kiazi kikamponyoka.

Usimlaumu kondakta. Kiembu hakina sauti ya l, kwa hiyo ulimi wake ulikuwa umefanya kazi yake ya kila siku. Mimi ndiye niliyekuwa nikisahihisha kosa hilo hilo kwenye madaftari ya watoto kila wiki, na lilipokuja limevaa koti la kondakta sikulitambua.

"Na ile foleni?" nikauliza kwa sauti ndogo.

"Ya choo," nyanya akajibu.

Kama unaijua barabara ya kuteremkia mto Thuci, unajua kona zake. Kila kona uji ulihamia upande mmoja, nami nikausihi urudi. Heshima ikasema vumilia hadi Embu. Kibofu kikasema Embu ni mbali. Mwishowe nikamwita kondakta.

"Simamisha, tafadhali."

"Sasa unataka kura?"

"Nataka kujisaidia."

"Ongea kwa nguvu, mwarimu, dereva hasikii!"

Nikasema kwa sauti ya darasani, kila herufi mahali pake. Basi likasimama kabla ya daraja, nikakimbilia nyuma ya mahindi. Nilipotulia nikasikia majani yakichakarishwa huku na huku. Nusu ya wanaume wa basi walikuwa wamenifuata.

"Asante, mwarimu," mmoja akaniambia kutoka mstari wa pili. "Ile foleni ilitushinda, na kusema tuliona haya."

Niliporudi, nyanya alikuwa ameweka kikapu kwenye kiti changu ili mtu asikikalie.

Kwa hiyo basi likisimama, shuka. Tafuta choo kwanza, ndipo uulize wenzako wameshukia nini.