Neno nililomtafsiria Grand Faustin

Jamani, kichwa changu bado kinakataa. Leo asubuhi nimemngoja Grand Faustin kwenye kituo cha tram, Schaerbeek, huku Ubelgiji, kama kila siku. Tram mbili zimepita ndipo nikakumbuka kwamba tulimpoteza Jumapili.

Naandika nimesimama. Tangu Jumapili nikikaa, nainuka.

Kwa wasiomjua: Faustin wa Bukavu, fundi wa plasta. Miaka sita tumekarabati pamoja nyumba za zamani za mtaa wa Saint-Gilles. Nilimwita grand, kaka; aliniita petit, mdogo wake, na chantier nzima, mafundi wote pale kwenye ujenzi, ikaniita petit.

Chef, bosi wetu, akipiga kelele, "C'est fini?", yaani tumemaliza, Faustin anajibu, "Bado kidogo, chef!" Mpaka yule Mbelgiji akajifunza. Akiingia tu: "Alors, Faustin, bado kidogo?" Tunacheka wote.

Watu wameanza kusema alivuta sigara. Hakuvuta hata moja. Alivuta vumbi. Maski ilikaa chini ya kidevu, maana nani atapandisha mifuko ya saruji ghorofa nne akiwa amezibwa pua?

Mwaka jana alianguka kazini. Hospitali wakampiga picha ya mbavu. Mbavu nzima, lakini wakaona kitu kwenye pafu. Wakapima: kansa, imeanza tu, iko mahali pamoja.

Kifaransa chake kilikuwa cha chantier, kwa hiyo nikaingia naye kwa docteur na viatu vyangu vya saruji. Mimi niliishia shule ya primaire, lakini Kifaransa nasikia kidogo.

Docteur akasema: "C'est encore petit. Il faut opérer maintenant."

Faustin akanigonga kiwiko. "Petit, docteur anakuita!"

"Hapana, grand. Anasema iko bado kidogo. Halafu watakupasua."

"Ah, bado kidogo! Bon, tumalize kwanza nyumba ya chef."

Docteur alisema ugonjwa ungali mdogo, wampasue sasa. Mimi nikatafsiri neno kwa neno: encore, bado, petit, kidogo. Ile "sasa" ilinipita kabisa, simu ya chef ilikuwa inatetemeka mfukoni mwangu. Faustin akasikia alichozoea kusema mwenyewe kila siku: ngoja kwanza.

Siku ya kupasuliwa ilipofika, mimi ndiye niliyepiga simu kuahirisha. Mara mbili. "Vous êtes sûr, monsieur?" mama wa sekretarieti akauliza kama nina hakika. "Oui, oui," nikajibu. Sisi wa intérim, mkataba wetu ni wa wiki. Ukilala hospitali, mtu mwingine anashika mwiko wako.

Kisha akaanza kukohoa damu.

Docteur yule yule aliangalia picha mpya muda mrefu, akauliza kwa nini tulingoja. Nikamtafsiria Faustin swali. Akashangaa: "Si yeye ndiye alisema bado kidogo?"

Hilo sikulitafsiri. Nililia pale pale, na Faustin akaniangalia mpaka akaelewa.

Nje, barabarani Chaussée d'Ixelles, watu na mifuko yao ya maduka, akanishika shingo. "Petit, nyamaza. Watu watasema nimekupiga." Halafu akasema: "Hata mimi nilitaka kusikia vile."

Alinisamehe. Lakini miguu yangu haijui, inatembea tu.

Ndugu zangu, kama umepewa karatasi ya hospitali na hukuelewa, omba mkalimani wao. Usichukue rafiki aliyetoka kazini amechoka. Sema "sijaelewa", hata mara kumi, hakuna aibu. Na wakikuambia ugonjwa ni mdogo, basi ndiyo siku ya kukimbilia matibabu.

Leo chef ameingia chumbani tunapopiga plasta. Akafungua mdomo kusema lile neno, akaufunga, akatoka.

Grand, nakutafsiria upya, sasa vizuri: ugonjwa ungali mdogo, twende leo leo. Nimechelewa, najua.

Wewe lala salama, grand. Mimi, bado.