Darubini Niliyompelekea Mkwe

Jameni, hii sikutaka kuisema, na Neema aliniapia kwamba hataisema, lakini kwa vile ameshawaambia wamama wote wa kanisa (na kuitia chumvi, eti nilipiga magoti, uongo mtupu), afadhali muisikie kutoka kwangu mwenyewe. Mimi, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, nesi mwenye heshima zake, nilikwenda kwa wakwe mara ya kwanza nikawatoa wanaume nje kwenye theluji na soksi. Aibu niliyoipata siku hiyo, hata adui yangu simwombei.

Nianze na Nyambura, maana yote ni kwa sababu yake. Binti yangu anaolewa na kijana wa hapa Minnesota, Erik, mpole, mrefu mpaka anainama akiingia jikoni kwangu pale Burnsville. Baba Nyambura alituacha miaka sita sasa, kwa hiyo baba ni mimi na mama ni mimi, isipokuwa kwa jambo moja. Mwezi wa kwanza Nyambura alinipigia simu akasema wa kumsindikiza kanisani siku ya harusi atakuwa kaka yangu Kamau aliye Texas. Nikasema sawa mami, ni vizuri, nikakata simu, nikakaa ndani ya gari nje ya kazi nikilia mpaka zamu ikaanza bila mimi. Nilitaka niwe mimi. Nilimtaka yule mtoto ashike mkono wangu, siyo wa Kamau, ambaye hata hajui anapenda chai ya aina gani. Lakini pia namwelewa Nyambura. Siku aliyohitimu chuo nilipiga vigelegele mpaka anayesoma majina akapotea kwenye karatasi yake, na mtoto tangu siku hiyo ananiogopa mbele za watu. Hajasema, lakini mama hujua.

Basi mwezi wa tatu tukaalikwa shambani kwa wazazi wa Erik, mwendo wa saa nzima kusini kwa barabara ya 35. Nikajiambia, Grace, hii ndiyo siku ya kumwonyesha mtoto kwamba unaweza kusimama mbele ya watu bila kumwaibisha, labda atabadilisha mawazo. Nyambura akanipa masharti mawili, kwa Kiingereza (Kiswahili anakisikia vizuri sana, lakini majibu ni Kiingereza tu): nije peke yangu, na nisilete kitu.

Sasa niambieni ukweli. Nyinyi mngeenda? Kwa wakwe, mara ya kwanza, peke yako kama mtu anayeuza bima, mikono mitupu? Si hata marehemu baba yake angeamka! Mkono mtupu haulambwi. Nikamchukua Neema, Mtanzania tunayefanya naye kazi, maana kwa wakwe huendi bila shahidi, na nikaanza kufikiria zawadi.

Na zawadi niliijua. Siku ya kwanza tulipokutana na baba yake Erik, anaitwa Dale (huku wakwe wanaitana kwa majina, Mungu atusamehe), ilikuwa hotelini kule Bloomington, na mzee wa watu alitaja mara moja tu, huku akikoroga kahawa, kwamba koyoti, wale mbweha wakubwa wa huku, wamemlia wana-kondoo tisa. Wanakuja gizani, akasema, na macho yangu si kama zamani, siku moja nitajinunulia darubini ya bunduki inayoona joto na kupima umbali. Halafu akabadilisha habari, tukazungumzia barafu ya barabarani. Wazee wa huku hawalalamiki mara mbili. Lakini mimi nilimwona usoni, nimeuguza wazee miaka ishirini, nikiona uso nimeuona.

Mimi bunduki naijua kwa mbali tu. Nyumbani ukiona bunduki ni polisi au ni mwizi, na yote mawili unakimbia. Nilikaa wiki mbili nikitazama video za wanaume wenye ndevu wakieleza darubini, nikajaza daftari, mpaka nikajiona fundi (hapo ndipo shetani alipoingia). Tukaenda dukani mimi na Neema, tumevaa vitenge vyetu chini ya makoti, na kijana wa dukani akatutazama kwa adabu sana akauliza hiyo darubini itakaa kwenye bunduki gani. Nikasema ile ndefu. Akasema aha.

Lakini kijana alikuwa na subira, Mungu ambariki. Akatutoa nyuma ya duka, kwenye uwanja wenye theluji, na kwa kuwa hakukuwa na mnyama tukamtuma Neema. “Dada, tembea mpaka kwenye ule uzio,” nikamwambia, naye akaenda akinung'unika kwamba kwao Moshi mtu hatumwi kama ng'ombe. Darubini ya kwanza, ya bei nafuu, Neema alipofika mbali akawa punje ya mchele tu, nyeupe, ungeweza kusema ni mbwa au ni mtoto wa mtu. Ya pili ilikuwa nzuri lakini haipimi umbali, na kijana akaeleza kwamba usiku macho hudanganya, unaona mnyama yuko hapa kumbe yuko kule, risasi inakwenda usikokujua. Ya tatu, weee! Nilimwona Neema mikono, miguu, hata pua ilikuwa nyeusi kwa baridi na mashavu meupe kwa joto, nikabonyeza kitufe kikasema yadi mia na themanini. Nikasema hii hii. (Nikamwomba aniongezee kitu, akaniongezea kofia.) Kijana akasema, “Na jambo moja la muhimu sana, hii kamwe usiitumie ukiwa...” na hapo hapo Neema akapiga kelele kutoka uzioni kwamba miguu yake imekufa, tumsahau tu, tumwambie mama yake, nami nikageuka kumwita, na lile jambo la muhimu sana likapita hivyo. Ningeweza kuuliza. Kuuliza si ujinga, tunawafundisha watoto hivyo kila siku.

Jumamosi tukafika shambani saa nane mchana. Nyambura akatoka nje kutupokea, akamwona Neema, akaona sufuria ya pilau, akaona boksi lililofungwa utepe, akafumba macho. “Mum,” akasema. Hilo tu. Nikamwambia usijali mami, leo nitakaa kama maji mtungini.

Na nilikaa! Mashahidi wapo. Nilikula chakula chao cha viazi na jibini, nikasifu, nikamsikiliza mama yake Erik, Linda, akinieleza habari za nyanya yake, sikumkatiza hata mara moja. Nyambura akaanza kutabasamu. Ningeishia hapo, jameni, leo tungekuwa tunazungumza mengine. Kisha Dale akafungua boksi.

 Akaitoa, akaigeuza mikononi, shingo ikamwiva nyekundu. Akasema oh hapana, hii hatuwezi kuipokea, nikasema lazima, akasema hapana kweli, nikasema mkwe wangu, kwetu zawadi hairudi na aliyeileta (kumbe watu wa Minnesota na Wakikuyu ni ndugu, kukataa mara tatu ndipo upokee). Halafu, kwa furaha tu, akaniuliza, “Grace, umewahi kutumia hizi?”

Neno dogo. Ningesema hapana. Ningesema nilimtazama nayo Neema dakika tano nyuma ya duka. Lakini Nyambura alikuwa anatazama, na nilitaka anione najua kitu, nikasema, “Ndiyo, sana.”

“Basi tuonyeshe,” akasema Dale.

Nikainuka. Nikaiwasha vizuri, nikaenda kwenye dirisha kubwa la sebule linalotazama zizi, nikaweka jicho. Mwanzoni niliona ukungu wa kijivu tu, zizi silioni, kondoo siwaoni, nikasema moyoni labda ni theluji. Halafu katikati ya ule ukungu nikaliona. Jitu! Jeupe, pana, limesimama linanitazama. Nikabonyeza kitufe cha umbali, zikaja vistari vitupu bila namba, nami fundi nikatafsiri kwamba liko karibu mno kupimika.

“Lipo!” nikapiga kelele. “Liko zizini! Kubwa!”

Mzee wa watu hakuuliza swali. Bunduki zilikuwa zimefungwa kabatini na ufunguo haukuonekana, akakamata koleo la theluji lililokuwa mlangoni akatoka na soksi, mbwa nyuma yake, Erik nyuma ya mbwa, na Linda akampigia simu jirani, ambaye alifika na gari lake kabla sijamaliza kuvuta pumzi, maana naye ameliwa kondoo. Neema akaanza kukemea kwa jina la Yesu. Mimi nikabaki dirishani nikiwaelekeza, nafungua mdomo kama mtangazaji wa mpira: bado lipo, halikimbii, ngoja, limesimama kwa miguu miwili! Linda akashika kifua. Miguu miwili? Nikasema ndiyo, na kichwani lina kitu kikubwa, kimechongoka, kama... kama kilemba.

 Nyambura akaja taratibu akasimama nyuma yangu.

“Mum,” akasema kwa sauti ya chini, “inua mkono wako wa kushoto.”

Nikainua. Jitu nalo likainua.

Ngai, Mungu wangu. Ardhi ingepasuka ningeshukuru. Hiyo darubini, sasa najua, haioni kupitia kioo, ukiielekeza dirishani inakurudishia joto lako mwenyewe, na ndilo lile jambo la muhimu sana kijana wa dukani alilotaka kunieleza. Nilikuwa nimejitangaza mwenyewe mnyama dakika kumi nzima, na nje kule wanaume watatu walikuwa wanazunguka zizi wakitafuta nyayo zangu.

Wakaingia. Dale soksi zake zilikuwa mabonge ya barafu. Nikamweleza mwenyewe, sikumwachia mtu, nikasema mkwe nisamehe, sijawahi kutumia hiki kitu, nimesema uongo, na lile jitu ni mimi. Jirani ndiye aliyeanza kucheka, akashika ukuta, halafu Erik, halafu Neema (msaliti). Nyambura hakucheka. Alikuwa anatazama chini, na mimi nikasema moyoni basi, imekwisha, Kamau akate tiketi yake.

Nikatoka nje nikasimama kando ya gari. Machozi yenyewe yalikuwa yanaganda. Nikasikia mlango, nikadhani ni Neema, nikasema niache kwanza. Alikuwa Nyambura, bila koti.

Akaniambia Dale ameketi jikoni anakausha miguu, Neema amemsimulia ya dukani, na amesema kitu. Amesema amewataja wale wana-kondoo kwa watu wengi, hata kwa wanawe, na wote walimwambia pole sana wakaendelea kula, na hajui mtu mwingine aliyekwenda kusimama kwenye baridi kumtafutia dawa. Amemwuliza Nyambura mama yako yuko hivi siku zote? “Nikamwambia ndiyo,” Nyambura akasema. “Nikamwambia hivi ndivyo nilivyolelewa.”  Nikamkumbatia pale kwenye theluji, nikamshika mgongo kwa mikono yote miwili jinsi nilivyokuwa nikimshika akiwa na homa.

Nilipomwachia, Dale na Linda walikuwa wametoka kibarazani na darubini, sasa wanaitumia inavyotakiwa, na Linda akaita ghafla, “Nyambura, usisogee!” Tukaganda, nikadhani ni koyoti kweli sasa. Akaja mbio akanivuta nyuma ya Nyambura, akaniwekea darubini jichoni. Mgongoni mwa mtoto wangu, kwenye sweta, kulikuwa na mikono miwili myeupe, vidole vyote kumi, mikono yangu, nami nimeshaiondoa. Joto lilikuwa limebaki. Ikafifia polepole, kidole kimoja kimoja, mpaka ikaisha.

Nyambura akataka kujua nimeona nini. Nikamwambia. Akafuta macho kwa mkono wa sweta, akanijibu kwa Kiswahili, kile cha utotoni mwake, cha kujikwaa. “Mama,” akasema, “Uncle Kamau akae na wageni. Mimi nataka wewe.”

Sikupiga vigelegele. Nataka hilo liandikwe mahali. Neema ndiye aliyepiga, kutoka kibarazani, na mbwa akakimbilia chini ya gari.

Basi ndiyo hiyo, wala sikupiga magoti. Nimeapa mbele ya Mungu kwamba sitasema tena najua kitu nisichokijua, hata kiwe kidogo namna gani. Harusi ni mwezi wa nane. Jana Nyambura alikuja kwangu, nikamwomba anionyeshe watu wanatembeaje pale kanisani, naanza na mguu upi, namshika mkono gani, kwa sababu sijui, na nilimwambia hivyo hivyo, mami, sijui, nifundishe. Tukasogeza viti, tukatembea sebuleni mara nne.