Sinia Lisilo na Malka

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta amefariki, hapa hapa Garsen, kitandani pake, muda mfupi baada ya kuomba uji na kulalamika kwamba umezidi sukari. Nimeanza na uji makusudi, ili wasomaji wangu mjue aliondoka akiwa yeye yule yule. Hofu yetu ilikuwa nyingine. Alipelekwa Mombasa kutibiwa, mto ukafurika, barabara ikakatika, tukadhani tutamzika kwa simu. Maji yakapungua, akarudi, akatusema kila mmoja kwa zamu yake, kisha akaenda zake. Nililia, sikatai. Lakini nilipomaliza kulia nilijihisi kama hamali aliyetuliwa gunia.

Kazi yake ilikuwa ushonaji, na raha yake ilikuwa kupamba biskuti. Katika mji ambao biskuti ni kitu cha kuchovya chaini hadi kizame, yeye alikaa nazo alfajiri, kabla joto halijaanza kuyeyusha mapambo, akazichora moja moja. Vibati vya kukatia alikatiwa na fundi wa mabati kutoka mikebe ya maziwa ya unga: mtumbwi, embe, kiboko, ng'ombe. Sukari ya unga aliipiga na ute wa yai, akatia rangi, akaijaza kwenye pakiti ya maziwa iliyooshwa na kukatwa pembe, akaiminya kwa mkono usiotetemeka. Hakuziuza. Alizipeleka kwenye aqiqa za watoto wachanga, harusi na Idi, na kila sinia lilikuwa na habari yake. Mimi, kama mnavyojua, masomo yangu yaliishia kidato cha nne na safari zangu huishia ukutani. Cheo changu kilikuwa kula zilizovunjika. "Jirani!" angeniita. "Njoo uzike maiti." Nami nilikuwa mwepesi wa kuzika kuliko imamu.

Ng'ombe wake wa kwanza aliaibishwa na mama mmoja wa Kiorma, aliyetuletea maziwa kila asubuhi. Aliiweka biskuti kiganjani, akaigeuza.

"Hii nini?"

"Ng'ombe, dadangu."

"Ng'ombe ya nani? Hii mbuzi. Imeazima pembe tu."

Jirani alicheka hadi akakaa chini, kisha akamwomba amfundishe. Kuanzia hapo mama wa maziwa akawa mwalimu: pembe zinainuka hivi, nundu inakaa hapa, madoa ya huyu hayafanani na ya yule. Urafiki wao ulikua hivyo, kwa pembe na nundu, hadi siku mama wa maziwa alipokuja na habari kwamba mwanawe anaoa binti wa wakulima wa Wenje. Ndugu wa pande zote mbili, wafugaji na wakulima, walikubali kwa midomo iliyobanwa. "Nipambie sinia," akasema, "lenye watu wetu na watu wao. Wale wakiona, wapoe." Jirani yangu, ambaye naye ni mtoto wa wakulima, alilichukua ombi lile kama amana. Alijua kwamba siku ile jambo dogo tu lingetosha kuwarudisha wazee nyumbani.

Nilisafiri hadi Wenje, jambo ambalo watu wa mtaa wangu bado wanalisimulia. Nilipakata sinia njia nzima nikijiona mimi ndiye bi harusi. Tulipolifunua mbele ya wazee, watu waliguna kwa kupendezwa. Biskuti za buluu zilipangwa zikawa mto Tana. Ukingoni ulisimama mstari wa mahindi, migomba na miembe, umeshikana kama foleni ya wanafunzi. Nyuma ya mashamba walisimama ng'ombe, kila mmoja na madoa yake.

Mjomba wa bwana harusi, mfugaji mzee, aliinama akatazama kwa muda mrefu bila kugusa.

"Mama, kazi safi," akasema. "Ng'ombe hii naijua kabisa. Lakini itakunywa maji wapi?"

Hata mimi niliyekuwa natafuna niliacha. Kwetu njia ya mifugo kwenda mtoni, ile inayopita kati ya mashamba, huitwa malka, na mabaraza yaliyoitishwa kwa sababu yake hayakuisha yote kwa soda. Jirani yangu aliujaza ukingo wote kwa mahindi. Hakukuwa na malka hata moja.

"Mzee, si ni biskuti tu," kijana wa upande wa wakulima akasema.

"Biskuti naona. Mimi nauliza maji."

Mama wa maziwa akaangalia chini. Jirani alinishika mkono. "Nimeua ndoa kwa sukari," akaninong'oneza.

Ndipo bibi yake bi harusi aliposimama, akajikaza leso, akaja hadi kwenye sinia. Alitoa biskuti mbili za mahindi katikati ya mstari, moja akampa yule mzee.

"Shamba ni langu," akasema. "Kula, mkwe, njia ifunguke. Lakini ng'ombe wako wakishakunywa warudi kwa njia hiyo hiyo. Wasinigusie ndizi."

Mzee akatafuna taratibu. "Kwani ndizi yako tamu?"

"Onja, halafu ulipe fidia!"

Kicheko kilichofuata kilikuwa cha watu waliokuwa wamezuia pumzi. Mzee akamsukuma ng'ombe mmoja kwa kidole, akampitisha penye pengo hadi kwenye buluu, akamwacha hapo anywe. Jirani yangu alikaa chini palepale alipokuwa, akafunika uso kwa leso, mabega yakitikisika, na hakuna aliyejua analia au anacheka. Nikah ikafungwa.

Nimelifikiria sana sinia lile. Hakuwa na nia mbaya, wala hakukosa ufundi. Machoni pa mtoto wa wakulima, ukingo uliojaa ndio ukingo mzuri. Wahenga walituhimiza kuziba nyufa. Sisi wa Tana tunahitaji pia wa kutukumbusha zile za kuachwa wazi. Tangu siku ile hakupamba sinia bila kuacha pengo mahali, hata la maua matupu. Na hakuacha kuuliza, "Wale watoto wangali pamoja?" Siku zake za mwisho walikuja wenyewe, na mtoto wao mgongoni, wamebeba maziwa na ndizi. Aliwatazama, akafumba macho, akasema, "Haya basi." Siku ya msiba wazee wa pande zote mbili walikaa mkeka mmoja, wakigombania nani aliyeonja ndizi kwanza.

Ile pakiti ya maziwa nimerithi mimi. Wiki hii nimepamba sinia langu la kwanza, mto, mahindi, ng'ombe, na asubuhi nikamwonyesha mama wa maziwa. Aliniangalia kwa huruma. "Ng'ombe hapana," akasema. "Hii hata mbuzi imekataa." Kisha akainama, kidole chake kikafuata pengo katikati ya mahindi hadi majini, na uso wake ukakunjuka. "Lakini malka umeweka."

Mengine nitajifunza polepole. Hilo ndilo lililokuwa la kwanza kujua.