Namba Moja wa Baba

Baba yangu alimweka namba moja mtu asiyejua kupigana. Hilo ndilo lililonishtua kwanza, kabla ya mengine yaliyokuja kunishtua zaidi, na ninaanza nalo kwa sababu mpaka leo sijalisamehe vizuri.

Runinga niliipeleka mwenyewe. Mama alikuwa amefariki, na baba alibaki kijijini kwetu Didia na ng'ombe wake na mdogo wake, baba mdogo, ambaye nyumba yake iko hatua chache tu kutoka kwetu. Mimi ni fundi cherehani, naishi Kambarage, mjini Shinyanga, na Jumapili nikitoka kanisani huwa napanda gari kwenda kuwaona. Niliwapelekea paneli ya sola, runinga ndogo na flashi, nikidhani wazee watatazama kwaya. Walitazama kwaya mara moja, wakasema wabeja, yaani ahsante kwa Kisukuma chetu, halafu baba mdogo akaniuliza kama humo ndani hakuna watu wanaopigana.

Basi zikaingia muvi za mateke. Flashi ilikuwa ikijazwa kwenye duka moja pale Tinde, na muvi zenyewe zilikuwa za kutafsiriwa: Wachina wanarukaruka, na juu yao kuna mtu mmoja na maiki yake anawasemea wote kwa Kiswahili. Steringi ni yeye, adui ni yeye, mama anayelia ni yeye, hata mbwa akibweka ni yeye. Vijana humwita dijei. Sisi nyumbani tulimwita mtafsiri, na hatukumfikiria zaidi ya hapo. Au mimi sikumfikiria.

Muvi ikiisha, wazee huanza kupanga. Nani wa kwanza, nani wa pili, nani hafai hata kuchunga mbuzi. Na waliwapanga wale mastaa kama wanavyopanga ng'ombe mnadani. Baba mdogo alisifia shingo, mgongo na unyayo unavyotua. Namba moja wake alikuwa jamaa tuliyempa jina la Mrukaji, kwa kuwa alikuwa anapanda ukuta bila ngazi. Wa pili alikuwa mama mmoja wa mapanga. Wa mwisho, siku zote, ni Kipara, kwa sababu alikuwa anakufa mapema.

Baba alimweka namba moja Mwembamba.

Jamani, Mwembamba! Mtu ambaye teke lake halikufika kiunoni. Mtu ambaye akirusha ngumi unamwonea huruma yeye, si anayepigwa. Katika muvi nyingi hakuwa hata steringi. Alikuwa rafiki wa steringi, yule anayekaa pembeni na uso wa mtu aliyefukuzwa kwao. Nilimwambia baba, "Huyu umempa kura kwa lipi? Angekuwa ng'ombe ungemrudisha na kamba yake." Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. Baba akajibu tu, "Anaongea vizuri."

Nikachoka. Wanapanga watu wa ngumi, yeye anampa ushindi mtu wa maneno!

Tena alikuwa na vituko vingine kuhusu huyo Mwembamba. Mateke yakichachamaa alikuwa anafumba macho. Nilidhani ni usingizi wa uzee. Mwembamba akianza kuongea anafumbua. Na alikuwa anamjibu. Kila mtu hujibu runinga, hilo si ajabu, baba mdogo mwenyewe alikuwa anamfokea adui mpaka mate yanaruka. Lakini baba alijibu taratibu. Mwembamba anauliza, "Huko nyumbani mvua imenyesha?" na baba anasema, "Kidogo." Mwembamba anamwambia bwana fulani mwenye ndevu, "Mwalimu, nimechoka kutembea," na baba anasema, "Kaa basi." Siku moja muuza duka alituwekea muvi zilizosemwa na mtafsiri mwingine, mwenye vichekesho vizuri kuliko yule wetu. Baba alisikiliza kidogo, akasema, "Huyu siye," akatoka kwenda kwa ndama. Nikasema moyoni, mzee wangu anaanza kupotea.

Hapa inabidi nimtaje mdogo wangu, ambaye pale nyumbani hakutajwa.

Alikuwa kitinda mimba wetu. Mimi nilipoolewa na kuhamia mjini, alikuwa bado mtoto wa kuchunga. Alipokua, msimu mmoja wa kulima, mawingu yakiwa tayari yamefunga, aliwauza maksai wawili wa plau bila kumwambia mtu, akakimbilia machimboni. Mvua ikanyesha. Baba alilima shamba lile kwa jembe la mkono, mzee wa umri wake, na majirani wakipita njiani wanatazama pembeni kwa aibu. Alipomaliza alituita wote uani, akapiga ardhi kwa fimbo yake. "Asikanyage hapa." Watu wakalibeba neno lile, na habari ya fimbo, mpaka machimboni. Baba yangu si mtu wa kusema neno mara mbili wala wa kulirudisha. Mama alikufa akiwa bado analingoja lirudi.

Sasa njoo nami Geita. Nilikuwa nimeshona sare za kwaya za kanisa moja lililoko kwenye kijiji cha wachimbaji, na nikazipeleka mwenyewe kwa kuwa siamini mzigo wangu mikononi mwa makonda. Nilifika mchana, vumbi jekundu, makarasha yanasaga mawe kiasi kwamba ukiongea lazima upige kelele. Nilikabidhi sare, mwalimu wa kwaya akanielekeza njia ya kurudi stendi. Njia ilipita nyuma ya kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea muvi, mabati juu, maturubai pembeni, vijana wametoka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu, wamejaa matope wanangoja zamu.

Nikasikia sauti ya mtafsiri wetu.

Si muvi ya kwenye flashi. Mtu mwenyewe, mubashara. Niliijua kwa sababu alikuwa anakohoa kidogo kabla ya adui kuongea. Nilifurahi, nikasema leo nimempata, nitamwambia kwamba kule Didia kuna mzee anayemweka Mwembamba namba moja, tucheke. Nikafunua turubai.

Mdogo wangu alikuwa amekaa kwenye kreti la soda, maiki mkononi, macho kwenye skrini.

Sikupiga kelele. Watu husema walipiga kelele. Mkoba ulinidondoka. Nikajikuta nimekaa chini na gauni langu la safari. Yeye aligeuka, akaniona, na steringi akabaki anapanua mdomo kwenye skrini bila neno. Vijana wakaanza kupiga miluzi, "Dijei, vipi? Dijei!" Akampa mwenzake maiki, akanishika mkono, akanitoa nje.

"Shikamoo dada," alisema. Ilikuwa sauti ileile. Sauti ya Mwembamba.

Nilimshika uso kwa mikono miwili. Nikamzaba kofi. Halafu nikamkumbatia. Nadhani hata yeye hakujua aanze kulia kwa lipi.

Tulikaa kwa mama ntilie mmoja, akanieleza mambo ambayo kila moja lilinishtua upya. Kwanza, duarani alidumu muda mfupi tu. Kifua kilimshinda, ndipo akaanza kusemea muvi, na muvi zake zinarekodiwa na kuuzwa mpaka Kahama, mpaka Tinde. Pili, Kichina hajui hata neno moja. Kiingereza ndiyo kabisa. "Naangalia nyuso, dada. Mtu akikunja uso namkasirisha. Akitazama chini namhuzunisha." Nikakumbuka hekima zote za wale mabwana wenye ndevu tulizozibeba na kuzirudia nyumbani, nikashika kichwa.

"Na Mwembamba?" nikamuuliza.

"Nani?"

Nilipomweleza, alicheka kidogo. "Aah, yule. Yule haongei, dada. Tazama vizuri, mdomo wake hata haufunguki. Wengine wote nawabadilishia sauti, huyu mnene, huyu mkali, huyu wa kike. Koo linauma. Yule akitokea napumzika, natumia yangu. Nasema tu linalonijia. Ana sura ya mtu ambaye hawezi kurudi kwao."

Ni kweli, mdomo haukuwa unafunguka. Tulikuwa tumeliona hilo siku nyingi, na baba mdogo alisema ni paneli ya sola, umeme hautoshi.

Nilimwambia sasa. Kwamba pale nyumbani kuna runinga, ambayo yeye alipoondoka haikuwepo. Kwamba baba anamsikiliza kila Jumapili, na katika mastaa wote wa ngumi waliozaliwa duniani, amemweka Mwembamba namba moja. Mdogo wangu aliacha kula. Akaificha mikono chini ya meza.

"Hajui ni mimi," alisema.

"Hajui."

"Usimwambie. Akijua atazima." Halafu akaongeza, akitazama sahani, "Kila msimu wa kulima nafunga begi. Nafika Tinde. Naziona gari za kwenda Didia, nasikia lile neno lake, napanda zinazorudi. Mwache anisikilize hivyohivyo, dada. Nisije nikapoteza na hicho."

Njia nzima kutoka Geita nilikuwa nabishana naye kichwani. Gari likapita Kahama, likapita Tinde, na nilipoona Didia mwili ulishuka wenyewe. Mimi siwezi kukaa na jambo. Ndivyo nilivyoumbwa.

Nilimkuta baba uani anasokota kamba ya katani ya kufungia ndama. Baba mdogo alikuwa ameegemea ukuta, kofia usoni. Nikapiga magoti kama ilivyo desturi yetu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mhola?"

"Mhola, baba. Ni salama. Natoka Geita." Nikavuta pumzi. "Nina jambo. Yule namba moja wako, yule Mwembamba, mtu anayemsemea..."

"Anaumwa?" baba aliuliza.

Hakuwa ameinua macho kutoka kwenye kamba.

"Nani, baba?"

"Huyo unayetoka kumwona. Siku hizi anakohoa. Nauliza, anaumwa?"

Nilimtazama baba mdogo anisaidie, naye akaondoa kofia usoni taratibu, akaanza kuchunguza mabati.

"Ulijua?" nilisema. "Baba, ulijua?"

"Mtoto nimemfundisha mimi kuita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto. Nisiijue sauti yake?"

"Tangu lini?"

"Siku ya kwanza."

"Baba mdogo, na wewe?"

"Mimi ningemkubalije namba moja asiyeweza kuruka?" alisema baba mdogo. "Nilimwachia baba yako. Ni mtoto wake."

Basi ni mimi peke yangu. Mimi niliyeleta runinga, niliyecheka, niliyesema mzee anapotea, nilikuwa nimekaa Jumapili zote hizo katikati ya watu wawili wanaomsikiliza ndugu yangu, na sikumsikia. Mshtuko uligeuka hasira papo hapo.

"Lakini wewe ulisema asikanyage hapa!" Nilisahau kwamba nimepiga magoti, nikasimama, nikampazia sauti baba yangu mzazi. "Mama amekufa kwa neno hilo!"

Baba aliweka kamba chini.

"Nilisema asikanyage," alisema. "Sikusema asisikike."

Nilikaa tena pale chini. Nilikumbuka "kidogo" yake, nikakumbuka "kaa basi" yake, na nikalia kwa sauti mbele ya wazee bila kujali, kwa sababu nilielewa kwamba mvua ile iliyoulizwa machimboni ilikuwa ikijibiwa uani kwetu, na muulizaji hakuwahi kusikia jibu hata moja.

"Yeye hasikii, baba," nilimwambia nilipoweza. "Wewe unamsikia yeye. Yeye hakusikii. Anadhani ukijua utazima. Anafika Tinde na begi, anageuza."

Hilo ndilo baba hakulijua. Niliona likimwingia. Aliokota kamba, akaisokota upande usio wake, ikafumuka yote. Baba mdogo akajifanya anamfukuza kuku ambaye hakuwa anafanya kosa lolote.

"Mwambie nimemshusha," baba alisema.

"Umemshusha nini?"

"Namba. Kuanzia leo ni wa mwisho. Chini ya Kipara." Sauti yake ilikuwa ya mnadani, ya mtu anayekosoa ng'ombe anayemtaka. "Miguu mibovu. Teke halifiki kiunoni. Hawezi kuwa namba moja mtu tusiyemwona. Kama anaitaka nafasi yake, aje aidai mwenyewe." Akainua fimbo iliyokuwa imelala kando yake, akagusa ardhi, hakuipiga. "Hapa."

Nilimpigia mdogo wangu simu palepale, kwa namba aliyonipa Geita, nimesimama karibu na zizi ambako mtandao hushika. Nikamweleza neno kwa neno, namba, Kipara, miguu mibovu. Niliongea haraka nisije nikakosea. Nilipomaliza, nilisikia makarasha tu kule kwake.

"Dada," alisema mwishoni. "Alisema hapa?"

"Alisema hapa."

"Na fimbo?"

"Na fimbo," nikamwambia, na nikasikia mtu akimuita, dijei, dijei, watu wamejaa, na yeye akiwajibu kwa sauti ya Mwembamba kwamba dijei leo hayupo, anarudi kwao.