Jibu Alilolitamani Mpimaji wa Nyama

Nilikuwa Bomani simu ilipokuja: yule dada wa maabara, aliyekuwa akipima nyama za kesi za ujangili, amefariki dunia. Nilihuzunika, kisha nikakasirika, maana watu wa namna yake hatunao wengi. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba simsifu mtu kwa sababu tu amekufa. Huyu nilimwona kazini.

Siku niliyomtembelea maabara alikuwa na nyama kavu iliyokamatwa kijijini Robanda kwa mwanamke muuza supu. Ikiwa ni ya nyumbu, mwanamke anakwenda jela. Ikiwa ni ya ng'ombe, anarudi kwa wanawe. Mama mzazi wa muuza supu alikuwa ameketi mlangoni. "Shikamoo mama," mpimaji alimwamkia. "Marahaba mwanangu. Hiyo ni ng'ombe ya msiba, tulichinja kule Mbalibali. Angalia vizuri."

Kipimo chenyewe si cha uchawi. Nyama hulowekwa, kisha maji yake humiminwa taratibu kichupani juu ya seramu, majimaji ya damu yenye kingamwili za kutambua ng'ombe. Vikitambuana, hugandana, na pale vilipokutana hutokea pete nyeupe. Tulisubiri. Pete haikutokea. "Si ng'ombe huyo," akasema askari aliyeileta nyama. "Andika tu dada, twende."

Mdogo wa mpimaji, wa tumbo moja, alikuwa askari wa wanyamapori, na majangili walimuua. Sote mle ndani tulilijua hilo. Kalamu alikuwa nayo mkononi. "Nimefurahi mno," akasema. "Nikifurahi hivi sijiamini." Akaiweka kalamu mezani. Maji ya nyama yalikuwa mazito, na yakizidi nguvu huilemea seramu, pete isionekane hata kama nyama ni ya ng'ombe kweli. Akayazimua kwa maji ya chumvi, akaanza upya. Askari akaguna. Mimi nilikikodolea macho kile kichupa mpaka yakaniuma. Pete ikajitokeza, nyembamba, nyeupe.

Hakutabasamu. Alitoka akamwambia yule mama, "Ni ng'ombe," kisha akaenda nyuma ya jengo kumlilia mdogo wake.

Huku kwetu Tarime ng'ombe akipotea, jina la mwizi hutajwa kabla zizi la jirani halijachunguliwa, na haraka hiyo tunaiita haki. Jibu linalotuudhi tunalikagua wenyewe bila kuambiwa. Lile linalotufurahisha ndilo linalompeleka jela asiye na hatia.