Mama Alimweleza Mungu Hata Habari za Kuku

Watu wa siku hizi wakihubiri juu ya nguvu ya maombi wakati wa shida, hunitazama mimi bibi kizee wakitaka niitikie amina. Naitikia, maana sitaki ugomvi. Lakini moyoni nasema: ninyi hamkuwahi kukaa benchi moja na mama yangu siku ya Jumatano.

Jumatano alasiri katika kijiji chetu, huko Iramba, kilikuwa kinagongwa kipande cha chuma nje ya kanisa, na wanawake waliacha majembe wakaenda kwenye sala ya shida. Mwinjilisti alisoma mistari michache, kisha mwenye shida alisimama akamweleza Mungu kwa sauti, na sisi tukaitikia, "Msikie, Bwana." Wengi walikuwa na adabu zao. Walisema, "Bwana, unajua yaliyo nyumbani kwangu," wakakaa. Mungu anajua, sasa ya nini kurefusha? Mama yangu alirefusha. Sijui nani alimwambia kwamba Mungu anajua mambo ya nyumba yetu kwa juu juu tu, kama mpita njia, na kwamba asipoelezwa vizuri atakosea mlango.

Shida tulikuwa nayo, sikatai. Ilikuwa wakati wa Mwingereza, na kodi ya kichwa ilikuwa imembana baba mpaka akapanda lori la manamba, vibarua wa mkataba. Lori liliwapeleka Itigi, na kutoka pale treni ikawapeleka kwenye mashamba ya mkonge, upande wa Morogoro. Alituaga akisema atarudi mavuno yajayo. Mavuno yakaja, tukavuna uwele wetu wenyewe. Yakaja mengine. Baba hakuonekana, wala hakuleta neno. Habari za wanaume waliopotelea kwenye mkonge hazikuwa ngeni kwetu. Kila kitongoji kilikuwa na mke wa mtu wa namna hiyo, na mama alianza kutazamwa kama mmoja wao.

Kabla ya mavuno yale ya kwanza, surua ilipita. Mdogo wangu wa mwisho, ambaye baba alimwacha ndiyo kwanza anasimama kwa kushika ukuta, akafa. Tulimzika nyuma ya nyumba, ukingoni mwa shamba. Wiki iliyofuata mama alikwenda kwenye sala ya shida, na hakukosa Jumatano hata moja tangu hapo.

Sasa sikilizeni alivyosali.

"Bwana, paa la tembe yangu limebonyea upande wa ng'ombe. Mchwa wamekula boriti. Mvua ikija udongo wote utatuangukia, na mwanamume uliyenipa yuko kwenye mkonge, nasikia huko wanakula wali."

"Msikie, Bwana."

"Bwana, kicheche amemchukua jogoo wangu, yule mwekundu. Sina mwanamume wa kumtegea kicheche."

"Msikie, Bwana."

"Bwana, binti yangu huyu, huyu hapa, hataki kusaga. Anasema mkono unamuuma. Mkono haumuumi."

Na mimi nimekaa pale pale! Kwenye benchi la mbele yetu alikuwa amekaa mama wa kijana mmoja ambaye watu wake walikuwa wameanza kuulizauliza habari zangu. Aligeuka akaniangalia mkono. Posa ile ikafia kanisani, na hakuna aliyesema "Msikie, Bwana" kwa ajili yangu.

Nilimlalamikia mama tukiwa nyumbani. Nikamwambia, "Mama, si usali kimya? Mbona wenzako wanasali kimya na Mungu anawasikia?" Akanijibu kwamba Mungu ana watu wengi wa kusikiliza, na anayenong'ona atapitwa. Nikaenda kwa shangazi, dada yake baba, nikidhani yeye ataona aibu ya ukoo. Shangazi akasema, "Mficha uchi hazai. Mwache aseme." Nikaona wote wamepatana kunichosha.

Kila msimu vijana wengine wa kijiji waliandikishwa kwenda mkonge, na Jumatano kabla ya lori kuja walifika kanisani kuombewa safari. Walikaa benchi la nyuma na vifurushi vyao, wakicheka chinichini mama akifika kwa jogoo. Nilitamani ardhi inimeze. Mama ndiyo kwanza alipaza sauti. Jumatano moja alimwomba Mungu kwamba, kama huko mkonge kuna mwanamke anayempikia mume wake, basi na yeye apewe mchwa. Mwinjilisti akakohoa. Vijana wakashindwa kabisa, mmoja akatoka nje.

Hayo yote ningeyasamehe. Kilichonikasirisha, mpaka nikawa sitaki hata kula naye sahani moja, ni kwamba hakumtaja mdogo wangu. Jogoo aliombewa mpaka nikamchoka marehemu jogoo. Mchwa waliombewa. Jembe lililovunjika mpini liliombewa. Mtoto aliyelala nyuma ya nyumba hakupata hata neno moja. Nilidhani amemsahau, au moyo wake umekauka kama ngozi. Siku moja tukiwa kwenye jiwe la kusagia nikamuuliza waziwazi, kwa nini mdogo wangu humwombei. Hakusimamisha mkono. Akasema, "Ongeza uwele, jiwe linasaga tupu." Nilimchukia siku ile, na nilijiambia kwamba kama maombi yenyewe ndiyo haya, basi ni kelele tu.

Baba alirudi kiangazi. Nilikuwa uani natandaza majani ya mlenda yakauke, nikaona mtu anapanda njia na sanduku la bati kichwani. Sikumjua mpaka alipofika karibu. Nikapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akasema, lakini hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa anaangalia paa. "Kumbe ni kweli," akasema. "Limebonyea upande wa ng'ombe."

Mama akatoka ndani. Akamsalimia kwa heshima zote, akampokea sanduku, akamletea maji. Baba hakuyanywa kwanza. Alikuwa na hasira aliyoibeba tangu Morogoro, na ilibidi aitue.

"Mama watoto, umeniaibisha nchi nzima! Kila lori likishusha watu wa huku, wananijia kambini. Hawajanisalimia vizuri, wananiuliza habari za paa. Wagogo wasioijua hata njia ya kuja hapa wananiuliza, jogoo amepatikana? Nyapara ananiita baba mchwa! Nilikuwa nataka kuandikisha kipande kingine cha kazi, nikajiuliza, nitakata wapi mkonge ambako hawajasikia?"

"Mungu amesikia," mama akasema.

"Mungu na kambi nzima!"

Nikacheka, sikuweza kujizuia. Na baba, baada ya kuninunia kidogo, akacheka pia, akanywa maji yake yote. Hasira ikamtoka, akafungua sanduku. Akampa mama kanga. Mimi akanipa shanga. Kisha akatoa kaptula ndogo ya kaki, mpya kabisa, akainyoosha juu ya goti lake, na akaweka kiganja hewani kupimia.

"Nimekadiria," akasema. "Atakuwa amefika hapa. Yuko wapi, amelala?"

Mama akaiweka kanga yake chini.

"Kila aliyekuja nilimsikiliza," baba akaendelea, huku anaikunja upya ile kaptula. "Kuku nimesikia, paa nimesikia, huyu na uvivu wake wa kusaga nimesikia. Huyo mdogo tu ndiye sikusikia akiombewa. Nikasema, basi huyo ni mzima."

Kwetu mtu aliye mbali hapewi msiba barabarani. Anaitwa nyumbani kwa jambo dogo, akifika anakalishwa, anapewa maji, ndipo anaambiwa. Wale vijana waliokuwa wakicheka benchi la nyuma walilijua hilo vizuri, kwa hiyo walimbebea baba yale tu aliyowapa mama. Na mama alijua siku zote maneno yake yanakwenda wapi. Alijua pia kwamba mtu akiupata msiba kule kambini hulewa, na akilewa hurudia kuandikisha, na akirudia mara ya tatu haonekani tena. Mimi sikuwa nimejua lolote. Nilikuwa nimeshughulika na mkono wangu na aibu yangu.

Mama aliichukua ile kaptula, akamshika baba mkono mbele yangu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akampeleka nyuma ya nyumba. Mimi nikabaki na mlenda.

Jumatano iliyofuata baba alikuja kanisani, paa likiwa bado halijatengenezwa. Mama akasimama. Watu wakajiweka sawa kwenye mabenchi, wengine wameanza kutabasamu, wakingoja kusikia leo ni kicheche gani.

"Bwana," mama akasema, "nilikuwa na mtoto wa kiume."

Akamweleza. Akamweleza jino la kwanza lilivyochelewa, na namna alivyomwogopa jogoo mwekundu, na ukuta aliopenda kuushika. Akaeleza surua, asubuhi na jioni yake, bila kuruka kitu, kama kawaida yake. Alichukua muda mrefu kupita siku zote. Jua liliingia kwa dirisha la magharibi, ng'ombe wakasikika wanarudi, na mwinjilisti hakukohoa. Watu walisahau kuitikia. Ni baba peke yake, kila mama alipovuta pumzi, aliyekuwa akisema, "Msikie, Bwana."